Rangi au kioo? Jibu kwa mchoraji wa Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Tanga. Nachora tangu shule ya msingi, zamani kwa penseli, sasa kwa rangi za maji na akriliki kidogo. Ndoto yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto. Mjomba amenipa shilingi 600,000 akaniambia ninunue vifaa. Nina laptopu ya zamani ya kaka yangu, RAM yake gigabaiti 4. Je, ninunue tableti ya kuchorea, au ninunue rangi nzuri na kanvasi? Tena wenzangu wanasema picha ya kompyuta si sanaa kwa sababu kompyuta inachora yenyewe. Naomba unieleze tofauti iko wapi hasa.

Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na sentensi iliyonisaidia zaidi ni ile ya vitabu vya watoto. Kwa hiyo nitakujibu mwanzoni kabisa bila kukuzungusha: nunua tableti ya kuchorea, ile isiyo na kioo (skrini) chake, unayoiunganisha na laptopu na kuchora juu yake huku ukitazama kioo cha laptopu, na usimalizie pesa zote huko. Bakiza kama robo yake kwa ajili ya rangi za maji na karatasi nzito. Ungeniambia unataka kutundika kazi kwenye maonyesho au kuwauzia wageni, ningekuambia kinyume chake. Watu hubishana rangi na kompyuta ipi bora kana kwamba picha zote zinakwenda mahali pamoja. Haziendi. Picha ya ukutani inaishi ukutani. Mtu anaisogelea, anaona mwendo wa brashi, mkono unamwasha aiguse. Picha ya kitabuni, hata uichore kwa rangi ya bei gani, mtoto ataiona kwa wino wa mtambo wa kuchapia.

Sasa wenzako. Wanachanganya mambo mawili. Kuna programu za akili mnemba unazoziandikia maneno zikakuletea picha. Hizo ni jambo jingine na zina mjadala wake. Uchoraji wa kidijitali ninaouzungumzia ni wa mkono. Unaikandamiza kalamu, mstari unanenepa. Unailegeza, mstari unakonda. Tableti inapima tu ncha iko wapi na umeikandamiza kwa nguvu gani, kisha programu inaweka rangi pale ulipopita. Kama hujui kiwiko kinavyokunjika, kompyuta haitakukunjia. Asiyeweza kuchora kiganja kwenye karatasi atachora kiganja kibovu kilekile kwenye kifaa cha mamilioni.

Wala si mtindo wa juzi. Mwaka 1963, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo mtu aliichorea moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Miaka kumi baadaye, 1973, Richard Shoup na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox walikuwa wanapaka rangi kwenye kompyuta. Mwaka 1981 kampuni ya Uingereza, Quantel, ikatoa mashine ya Paintbox kwa ajili ya vituo vya televisheni. Photoshop ilikuja 1990. Na David Hockney, mchoraji wa Uingereza aliyekuwa ameshajenga jina lake kwa akriliki na rangi za mafuta, alianza kuchora kwenye simu mwaka 2009, akiwa na umri wa kupita miaka 70, kisha akahamia kwenye iPad. Mwaka 2018 kanisa la Westminster Abbey jijini London lilizindua dirisha kubwa la vioo vya rangi ambalo michoro yake aliichora kwenye iPad hiyo. Na brashi hakuiacha. Wakikuambia tena kwamba hii si sanaa, usigombane nao. Wape kalamu wajaribu.

Tofauti ya kweli iko kwingine, nayo nataka uielewe vizuri kwa sababu ndiyo itakayokusumbua kila siku. Rangi ni vumbi la madini au kemikali lililoshikwa na kitu cha kulinatisha: gundi ya mti kwenye rangi ya maji, mafuta ya kitani kwenye rangi ya mafuta, plastiki kwenye akriliki. Inameza sehemu ya mwanga na kukurudishia sehemu nyingine. Kioo hakimezi kitu; chenyewe kinatoa mwanga. Kwa hiyo kuchanganya kwake si kuchanganya unakokujua wewe. Mtoto wa chekechea anajua buluu na njano zinazaa kijani. Ingia kwenye programu, weka buluu tupu, yaani namba 0, 0, 255, na njano tupu, 255, 255, 0, kisha zichanganye nusu kwa nusu. Programu nyingi zitakupa kijivu. Ndiyo, kijivu cha vumbi la saruji, kwa sababu zimepiga hesabu ya wastani wa taa na hazijui lolote kuhusu madini.

Kanuni za hesabu zinazoeleza rangi halisi zinavyomeza na kutawanya mwanga zilikuwepo tangu mwaka 1931, kazi ya Kubelka na Munk, ila zilikuwa nzito mno kwa programu za kuchorea. Ni mwaka 2021 tu ndipo ilipotoka njia nyepesi inayoitwa Mixbox, na programu kama Rebelle zikaanza kutoa kijani cha kweli kutoka kwenye buluu na njano. Zilizo nyingi bado hazina. Ndiyo maana utaona picha nyingi za wanaoanza kwenye kompyuta zina vivuli vya kijivu vilivyokufa: wamechukua rangi ya ngozi wakaisogeza kuelekea nyeusi, basi. Aliyetangulia kuteseka na rangi za maji anajua kivuli kwenye ngozi ya mtu wetu kina wekundu wa udongo, na upande unaopokea mwanga wa angani unaweza kuwa na zambarau. Kioo kina kila rangi, lakini hakikufundishi hata moja. Kwa hiyo rangi zako za maji usizigawe. Hizo ndizo shule yako ya macho.

Jambo la pili: kifaa kinaumba mtindo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na rangi za wasanii. Alitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Rangi ile inatiririka, inajisawazisha yenyewe, inaficha alama za brashi, na ni shida kuiyeyusha rangi moja ndani ya nyingine ikiwa mbichi. Tazama sasa picha za Tingatinga: uwanja wa nyuma umetandazwa kwa rangi moja au umefifizwa kidogo, chui anakaa juu yake kwa mistari mikali, madoa yamepangwa moja moja. Mkono ulikuwa wake, lakini nusu ya maamuzi yale ulifanya mkebe wa rangi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na mtindo ule mpaka leo una mafundi wake pale Oysterbay.

Mfano mwingine ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Anapaka rangi za mafuta juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulitwanga kwa nyundo za mbao mpaka liwe kitambaa. Gome lina matundu, lina mishono, lina mabonde, na picha inabidi ikubaliane nayo. Mtu akikuambia programu ina brashi elfu moja, mkumbushe kwamba hakuna hata moja kati yake itakayokupinga namna hiyo. Kwenye kioo kila uso ni laini, na ubishi wote inabidi uutoe kichwani mwako. Mimi naona huo ndio upungufu mkubwa wa kidijitali, mkubwa kuliko suala la kugusa au kunusa linalosemwa mara kwa mara.

Halafu kuna tendua. Vidole viwili kwenye kibodi, na kosa limefutika kana kwamba halikutokea. Kwa kazi ya vitabu ni neema tupu, maana mhariri atakuambia gauni la msichana liwe jekundu badala ya kijani katika kurasa 24, na kama umeweka gauni kwenye leya yake, kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Leya ni tabaka la picha lililo wazi kama karatasi ya nailoni: nyumba kwenye moja, watu kwenye nyingine, kivuli juu yake. Ukifanya kitabu kama hicho kwa rangi ya maji, mhariri akitaka gauni jekundu unachora upya. Nimechora upya. Najua uchungu wake.

Lakini tendua ina gharama usiyoiona. Kwenye rangi ya maji, kabla ya kushusha brashi unashika pumzi. Unaamua. Ukikosea, kosa linabaki pale linakutazama, na kesho hulirudii. Kwenye kioo utapiga mstari mara kumi na nne, kumi na tatu umefuta, na ule unaoubakiza si kwamba ni mzuri, umechoka tu. Wanafunzi wangu walioanzia moja kwa moja kwenye tableti wana mstari wenye woga, wa vipande vipande kama nyuzi za kitambaa kilichochanika. Dawa yake ninayowapa ni kali kidogo: mwezi wa kwanza, nusu saa kila siku unachora bila tendua, brashi moja, leya moja. Ukikosea unapaka juu yake, kama mtu wa akriliki. Inaudhi, na inafanya kazi.

Mtego mwingine ni kukuza picha. Kioo kinakuruhusu kuisogelea mpaka jicho la mhusika likajaa ukurasa, ukakaa saa nzima unapanga kope moja moja, na ukirudi nyuma unakuta kichwa kimepinda. Mchoraji wa kanvasi anasimama, anarudi hatua tatu, anafinya macho ili aone giza na mwanga tu. Wewe huna pa kurudi, umekaa. Basi fungua dirisha dogo la pili lenye picha nzima, liwe pembeni muda wote, na uigeuze picha kulia iwe kushoto kila baada ya muda. Makosa ya uso yataruka yenyewe. Si ujanja mpya. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo cha kujitazamia kwa sababu hiyohiyo. Tena igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa dakika moja. Kama mtoto na mti aliouegemea wamekuwa kijivu kimoja, msomaji wako wa miaka mitano hatawatofautisha, hata rangi ziwe kali namna gani.

Sasa uchapaji, kwa kuwa ndiko unakokwenda. Miaka kadhaa nyuma nilichora jalada lenye bahari ya saa sita mchana, buluu inayowaka. Kwenye kioo iliniridhisha sana, nikamwita mke wangu aje aione. Kitabu kilipotoka, bahari ilikuwa imepooza kama jinzi iliyofuliwa miaka. Mtambo haukuwa na kosa. Kioo hutengeneza rangi kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu. Mtambo hutumia wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna buluu, kijani na machungwa ya mwanga ambayo wino hizo haziwezi kuyafikia kabisa. Kwa hiyo kabla hujaanza, muulize mchapishaji anataka faili la namna gani, kisha washa ile sehemu ya programu inayokuonyesha rangi zitakavyotoka kwenye wino. Krita inayo. Na uchore kwa kipimo cha kuchapia tangu mwanzo, nukta 300 kwa inchi, huku ukiacha milimita 3 kila upande za kukatwa. Picha ndogo uliyoichora kwa ajili ya simu haikui baadaye, inavimba tu.

Hapo ndipo laptopu ya kaka yako inapoingia. Piga hesabu nami. Ukurasa wa A3 kwa nukta 300 ni pikseli (ndizo hizo nukta) 3508 kwa 4961, yaani kama milioni 17.4. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni megabaiti 70 hivi. Leya 20 ni gigabaiti 1.4, na bado programu inakumbuka hatua zako za nyuma ili uweze kutendua. RAM ya gigabaiti 4, ambayo sehemu yake imeshaliwa na kompyuta yenyewe, itaanza kukwama, kalamu inapita na rangi inafuata baadaye. Hilo litakutia hasira na utadhani huwezi kuchora. Kabla ya kitu kingine, mpelekee fundi akuambie kama inakubali kuongezwa RAM ifike 8. Laptopu nyingi za zamani zinakubali. Kama haikubali, chora A4, unganisha leya unazomaliza nazo, utafika.

Programu usinunue. Krita ni ya bure, ya halali, haina tangazo wala muda wa kuisha, na imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji hasa. Na usichukue Photoshop iliyovunjwa kufuli kutoka kwenye flashi ya mtu. Kitakachokuja nayo ni virusi.

Tableti isiyo na kioo ya Wacom, Huion au XP-Pen, ya ukubwa wa kati, inaingia kwenye pesa za mjomba na chenji inabaki. Muuzaji atakusifia kwamba kalamu yake ina viwango 8192 vya mkandamizo. Viwango 2048 vingekutosha kabisa, mkono wa binadamu haugawanyiki hivyo. Angalia badala yake kama kalamu haihitaji kuchajiwa na kama ncha za akiba zimo ndani ya boksi, maana ncha zinalika. Wiki mbili za kwanza utaona kizunguzungu: mkono uko mezani, macho yako kwenye kioo, mstari unakwenda usikotaka. Usikate tamaa wala usikimbilie kukopa ununue yenye kioo. Bandika karatasi ya kawaida juu ya tableti, ncha ipate msuguano kidogo. Ncha italika haraka zaidi, lakini utajisikia nyumbani.

Umeme wa nyumbani kwenu unaujua mwenyewe. Kama betri ya laptopu imekufa, hifadhi kazi kila unapoinua mkono kunywa chai. Kila kazi iliyokamilika iwe na nakala mbili nje ya laptopu, na zisikae mkoba mmoja. Karatasi nayo ina adui yake huko pwani: ukungu. Picha zako za rangi za maji usizibane ukutani wala ndani ya nailoni. Ziweke mahali hewa inapopita, zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi safi.

Kuna jambo la haki ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Picha ya rangi ukiiuza, kitu chenyewe kimeondoka, kipo kimoja, na bei yake inatokana na hilo. Faili halina nakala halisi. La kwako na la mteja ni sawasawa. Kwa hiyo unachouza kwa mchapishaji ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo iandikwe: kitabu gani, toleo lipi, nakala ngapi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapomaliza kuchora, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wanaosajili kazi. Aliyelipia picha za kitabu hajalipia kuziweka kwenye vikombe na mabango, labda muwe mmeandikiana hivyo. Na mkabidhi faili lililounganishwa. Lile lenye leya linabaki kwako.

Ile robo ya pesa iliyobaki, usinunue boksi la rangi 36. Nunua sita zilizo nzuri: njano, nyekundu mbili, moja inayoelekea machungwa na moja inayoelekea zambarau, buluu mbili, moja inayoelekea kijani na moja inayoelekea zambarau, na udongo mwekundu. Karatasi iwe ya gramu 300, nyembamba itajikunja. Akriliki kwenye joto la Tanga itakukaukia kwenye sahani kabla hujapiga mara tatu, hivyo lowesha kitambaa, tandika juu yake karatasi ya kuokea mikate, rangi uiweke hapo. Itadumu mchana kutwa. Na ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ya milango na madirisha. Ni nzuri kwa hadibodi kama unataka kumfuata Tingatinga, ila si rangi ya mafuta ya msanii.

Tableti ikifika, usianze na ukurasa wa kitabu. Chukua fenesi, au nusu yake, uliweke mezani karibu na dirisha, ulichore mara mbili siku hiyohiyo, kwanza kwa rangi ya maji, halafu kwenye kioo. Kwenye kioo usiruhusu programu ikuchagulie rangi kutoka kwenye picha ya simu. Tazama fenesi, tazama karatasi yako, kisha itafute rangi mwenyewe kwa macho. Angalia zaidi upande wa kivulini, pale miiba inapogusana na meza, ambapo kijani kinaacha kuwa kijani. Anza saa nne asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa likauchukua ule mwanga wa pembeni.